Njia ya Sake mpaka Walikale bila motokari

Tangu kambi za pembeni ya Goma zilipovunjwa mwezi wa Februari 2025, swali moja linarudi kila juma katika mikutano yetu. Si swali la posho wala la shitingi. Ni swali la njia. Familia zinarudi Masisi, wengine wana ndugu mpaka Walikale, motokari hakuna ama bei yake haishikiki, watoto ni wengi. Tupite wapi, tubebe nini, na huko njiani tuwaambie watoto nini?

Sisi tunaoandika ukurasa huu tumeipita njia hiyo kwa vipande, mwaka mmoja kipande hiki, mwaka mwingine kipande kile, tukifuata soko ao kilio ao arusi. Tumeipita kwa baiskeli, kwa chukudu, na zaidi ya yote kwa miguu. Hakuna kati yetu aliyeimaliza yote kwa safari moja. Tumekaa pamoja tukaunganisha vipande, na hayo ndiyo mnayosoma hapa. Jambo moja kwanza: kabla ya kuondoka, ulizeni habari za njia kwa waliotoka huko jana, si kwa waliotoka huko mwezi uliopita. Masisi-centre ilibadilisha mikono Januari 2025, Sake na Goma mwezi huohuo, Walikale-centre ilichukuliwa Machi na kuachwa mwanzoni mwa Aprili. Ukurasa huu si wa kusema nani ana haki. Lakini mama anayesukuma baiskeli yenye mzigo hawezi kukimbia, na hilo lazima alihesabu mapema.

Wengi hudhani Masisi na Walikale ni mapacha. Si hivyo. Wilaya ya Masisi ina kilometa za mraba 4,734 tu, nayo ni vilima, majani ya ng'ombe, maharagi na watu karibu-karibu. Walikale ina 23,475, yaani karibu sehemu mbili kwa tano za Kivu ya Kaskazini nzima, na ni msitu. Safari yenyewe ni kutoka baridi ya vilima kushuka mpaka joto la msitu, na kinachokuongoza ni maji. Waambieni watoto wakiwa juu ya Mushaki, pale wanapogeuka na kuona Ziwa Kivu kwa mara ya mwisho: maji yaliyo nyuma yetu yanaingia ziwani, yanatoka kwa mto Ruzizi, yanafika Tanganyika, yanatokea Lukuga na kuingia Lualaba. Maji tutakayoyakuta mbele yanaingia mto Osso, Osso inaingia Lowa, na Lowa nayo inaingia Lualaba. Kwa hiyo yanaachana hapa kwa mgongo wa kilima, yanazunguka nchi nzima na kukutana tena mbali sana. Mtoto mmoja wa miaka saba aliyezaliwa kambini alituuliza kama maji hayo yanajuana yakikutana. Hatukuwa na jibu, lakini alipanda kilima kilichobaki bila kulia.

Kupanda kutoka Sake ndiko kunakovunja watu. Baiskeli yenye gunia hapandi mtu; inasukumwa. Watu wa kazi hiyo wanafunga kijiti kirefu kwenye usukani na kingine nyuma ya kiti, mmoja anashika usukani kwa kile kijiti na kutembea pembeni, mwenzake anasukuma nyuma. Mama na kijana wake mkubwa wanaweza. Mama peke yake na mtoto mgongoni hawezi, na tunaomba msimwache yeyote ajaribu. Mzigo mzito uwe chini, karibu na ekseli, na vyungu na nguo viwe juu. Mtoto asikae juu ya mzigo wakati wa kushuka, hata akilia. Breki za baiskeli nyingi zinazouzwa kwetu ni za barabara ya sawasawa. Kwa mteremko wa matope vijana wanatumia mguu, wanakandamiza kandambili kwenye tairi ya nyuma. Bebeni kandambili za ziada.

Chukudu kila mtu wa Goma anaijua, hata sanamu yake ya rangi ya dhahabu imesimama katikati ya mji tangu 2009. Ni mti mtupu: miti ya kalitusi, magurudumu ya mti yaliyovalishwa mpira wa tairi kuukuu, na kipande cha mpira cha kukanyagia kama breki. Kijana anapiga goti moja juu yake na kushuka na mamia ya kilo za viazi ao makaa. Lakini chukudu ni chombo cha kushuka kuja mjini. Kwa kurudi milimani ni mzigo juu ya mzigo, na kwa matope ya Walikale haifai kabisa. Tumeona familia zikinunua chukudu Goma kwa ajili ya safari ya kurudi. Afadhali pesa hiyo iende kwa baiskeli nzee yenye fremu nzima.

Baada ya Mushaki nchi inafunguka. Hapa wageni hupenda kupiga picha, na kweli ni pazuri: majani mafupi ya kijani kama zulia, ng'ombe, nyua za miti, ukungu asubuhi. Wanasema ni kama Uswisi. Sisi tunaona nyua. Vita vya huku havikuanza na bunduki, vilianza na shamba. Mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji iliunda kazi maalumu ya kuhamisha familia kutoka Rwanda na kuzileta kwenye vilima hivi, na kazi hiyo iliendelea kwa vipindi mpaka 1955. Makumi elfu ya watu waliletwa, wengine kwa ajili ya mashamba ya wazungu. Wahunde, ambao Bami wao ndio waliokuwa na ardhi, waliambiwa tu wasogee. Waliokuja nao hawakuulizwa vizuri wanakwenda wapi na watakuwa nani huko. Baada ya uhuru vilima vingi viligeuka malisho ya watu wakubwa wachache, na mkulima mdogo, awe Mhunde ao Mhutu, akabaki kulima mteremko ambao hata mbuzi anaogopa. Ukipita na baiskeli unayaona yote kwa macho: bonde la sawasawa ni la ng'ombe, maharagi yako kwenye ukuta. Ukiwa ndani ya motokari huoni, unaona uzuri tu.

Jibini ya Masisi, tusiisahau. Mapadri Wabelgiji ndio walioonyesha watu kuitengeneza, na leo inatoka katika vibanda vya mbao pembeni ya malisho, magurudumu ya manjano ya kilo mbili tatu. Ni chakula kizuri cha njia kwa sababu haiozi haraka. Nunueni huko juu, si Sake.

Njia inapita Matanda na Bihambwe, na kule pembeni ni Rubaya ya koltani, ambako vijana wetu wengi wamepotelea mashimoni. Tukifika Lushebere na Masisi-centre tunapumzika siku mbili. Masisi-centre kuna hospitali kuu, na mama mwenye mimba ya miezi ya mwisho asipite hapo bila kuonana na mkunga. Mbele kituo cha afya si uhakika, na dawa si uhakika zaidi.

Kuanzia hapo maji yanakuwa mwenzetu. Osso ina bonde refu, migomba imeanza kuwa mingi, hewa inapata uzito. Nyabiondo kuna soko ambapo watu wa juu na watu wa chini wanabadilishana: maharagi na viazi vinashuka, mafuta ya mawese na ndizi vinapanda. Baiskeli ziko nyingi kuliko pikipiki. Kwa miaka mingi lori haikupita kati ya Masisi na Walikale. Mtu wa Goma aliyetaka Walikale alipanda ndege, ama alizunguka kupitia Bukavu na Hombo, safari ya siku na siku kwa ajili ya mahali palipo upande wa pili wa vilima vyake. Waliobaki kwenye njia ya moja kwa moja ni sisi wenye miguu. Ndiyo maana tunaijua.

Madaraja ni magogo. Mnashusha mzigo, mnavusha mzigo kwa kichwa, mnarudi kuvusha baiskeli begani, mnarudi tena kuvusha watoto mmoja mmoja. Fanyeni hivyo asubuhi. Mvua ya huko hupiga mchana, na mto uliokuwa wa magoti saa nne unakuwa wa kifua saa kumi. Na kuna bariera. Karibu kila mwenye bunduki ana kamba yake aliyoivuta njiani, na kila kamba ina bei: kwa mtu, kwa baiskeli, kwa gunia. Hatutataja kamba za nani. Tumejifunza kutembea kundi la watu kumi ama zaidi, mama mtu mzima mmoja akiwa msemaji, pesa ndogo-ndogo zikiwa zimegawanywa kwa wote, na wasichana wakiwa katikati. Kikundi hulipa mara moja. Mtu peke yake hulipa kwa njia nyingi.

Sasa tunafika pale ambapo mama wengi wametuomba tuandike, na pale wengine wametuomba tusiandike.

Njia hii imejaa mahali pa vita, na karibu hakuna hata pamoja penye kibao. Mtu anapita na gunia la unga pembeni ya uwanja wa soko wala hajui. Ntoto, kwa mfano, iko upande wa Walikale, karibu na mpaka wa Masisi. Hapo, Machi 1993, vijana wenye silaha walivamia soko na kuua Wahutu waliokuwa wamekuja kuuza na kununua. Ndani ya miezi michache moto ulienea Walikale na Masisi nzima, na sasa wakawa wanauawa Wahunde na Wanyanga pia. Maelfu walikufa na zaidi ya laki mbili walihama. Wengi wa nyanya zetu wanahesabu umri wa watoto kwa vita hivyo: huyu alizaliwa kabla ya Ntoto, huyu baada.

Ukiiacha njia yetu na kupanda upande wa Kitchanga unafika Mokoto, kwenye maziwa madogo na nyumba ya watawa Watrapisti. Mwezi wa Mei 1996 mamia ya Watutsi waliokuwa wamekimbilia kwa watawa hao walishambuliwa humo, na wengi wakauawa. Watawa walitoroka, na miaka baadaye walirudi. Mwishoni mwa mwaka huohuo, kambi za wakimbizi kutoka Rwanda karibu na Goma zilipovunjwa, makundi makubwa ya Wahutu yalipita kwa miguu katika misitu ya Masisi na Walikale kuelekea Tingi-Tingi, upande wa Lubutu. Hawakufika wote. Wengine waliuawa njiani, wengine walikufa kwa njaa na kipindupindu, na wazee wa vijiji vya Walikale wanaweza kukuonyesha mahali ambapo hawalimi.

Mnaona mambo yalivyo. Wahutu wana mahali pao pa kulilia, Watutsi wana pao, Wahunde na Wanyanga wana pao. Na mtoto wa kambini anajua mahali pamoja tu, pa kwao. Hilo tumelisikia kwa masikio yetu kwenye foleni ya maji: watoto wa miaka kumi wakigombana nani aliua nani, kila mmoja ana hadithi nusu, aliyopewa nyumbani. Sisi tumeamua hivi katika mkutano, baada ya kubishana sana: mama akipita na watoto njia hii, ama asiseme chochote, ama aseme zote. Kusimulia Ntoto bila Mokoto, ama Mokoto bila msitu wa Walikale, ni kumpa mtoto panga. Mama wawili kati yetu hawakukubali. Wanasema mtoto aliyetembea siku tano na njaa si wa kubebeshwa mizimu ya watu wengine pia. Tumeandika neno lao hapa kwa sababu lina uzito, na kila mmoja anamjua mtoto wake.

Kisha kuna Luvungi. Iko kwenye kipande cha Kibua mpaka Mpofi, ndani ya msitu wa Walikale, kijiji cha kando ya njia, migomba na nyumba za udongo. Kuanzia tarehe 30 Julai 2010 mpaka tarehe 2 Agosti, wapiganaji wa FDLR, wa Mai-Mai Sheka na wa kanali mmoja aliyeasi jeshi walifunga njia na kuingia vijiji 13 vya kipande hicho. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa, wengi wao wanawake, lakini pia wanaume na watoto. Askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa na kituo Kibua, si mbali. Dunia nzima ilikuja baada ya hapo: kamera, helikopta, wakubwa. Ntabo Ntaberi Sheka alijisalimisha 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu kifungo cha maisha.

Mama wa Luvungi walisafiri mpaka Goma kutoa ushahidi. Wengine waliipita njia hiihii, mabonde hayahaya, kwenda kusema mbele ya watu wenye nguo za kijeshi jambo ambalo hawakuwa wamewaambia hata dada zao. Kila tukiipanda njia na kulalamika magoti, tunakumbuka hilo.

Lakini tulipolala kwenye kijiji kimoja cha kipande hicho, mama aliyetupokea alitupa sombe na ndizi, akatuomba jambo moja. Alisema watu wakisikia jina la kijiji chao wanainamisha macho, na msichana wa huko akiolewa mbali anaficha alikozaliwa. Alitaka tukirudi mjini tuseme kwamba mafuta yao ya mawese ni mekundu na safi, na kwamba mpunga wao haujachanganywa na mawe. Tunasema: ni kweli. Mafuta yale hayana uchungu kooni, na mpunga tulioletewa tuliuchambua usiku ule tukaokota jiwe moja tu. Anayepita Luvungi anunue kitu. Asiulize maswali. Wakitaka kuzungumza watazungumza wenyewe.

Kwa watoto, huko chini tuna hadithi nyingine, nzuri zaidi. Nchi ya Wanyanga ndiyo nchi ya Mwindo, na masimulizi yake yalinakiliwa Walikale mwaka 1956 kutoka kinywani mwa mzee mmoja, yakatoka kama kitabu 1969. Baba yake hakutaka mtoto wa kiume, alitaka wasichana tu ili ale mahari (baba wa namna hiyo tunawajua mpaka leo). Basi Mwindo alipozaliwa, alifungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Ngoma haikuzama. Mwindo alisafiri ndani ya maji akimtafuta shangazi yake Iyangura, na shangazi ndiye aliyempasulia ngoma na kumtoa. Simulieni pale mnapoona mto kwa mara ya kwanza ukiwa mpana na wa rangi ya chai. Watoto wataangalia kila gogo linaloelea. Watatembea.

Walikale penyewe patawashangaza wanaotegemea mji. Ni barabara, nyumba pembeni, msitu nyuma. Utajiri wake haukai hapo. Kasiteriti ya Bisie iligunduliwa msituni mwaka 2002, na kwa miaka mingi vijana waliibeba kichwani na mgongoni, siku mbili kwa miguu mpaka Njingala, gunia la kilo hamsini kwa mtu. Kutoka Njingala ilipelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe. Watu wa huko wanakumbuka namna walivyosogeza baiskeli pembeni ili ndege ipite. Ndege zilileta bia na sabuni kutoka Goma, na bei ya sabuni Walikale ilikuwa ya ajabu. Tangu 2019 kampuni inachimba kwa mashine huko Bisie, na vijana wengi wa mafuko ya mgongoni wamerudi kwenye baiskeli, wakibeba mafuta na mpunga kwenda Lubutu na hata mbele zaidi, upande wa Kisangani. Kwa mafundi wa baiskeli Walikale ni bora kuliko Masisi. Wanajua kushona tairi kwa waya, na kujaza tairi majani makavu mpira wa ndani ukifa kabisa.

Waliobaki kupanga safari ni familia kumi na moja. Kundi la kwanza linaondoka Sake asubuhi ya Jumanne, baada ya soko, na litalala Mushaki. Linahitaji mipira ya ndani ya inchi 28, hata yenye viraka, gundi, pampu mbili, na kandambili za wanaume namba kubwa kwa ajili ya breki. Mwenye navyo alete kwenye likelemba ya Ijumaa. Na nyanya mmoja kati ya wanaoondoka hawezi kutembea. Vijana wanamtengenezea kiti nyuma ya baiskeli, na wanatafuta mtu wa tatu mwenye mabega ya kusukuma mpaka Mushaki.